Mji uliozama ziwani: Shicheng, Mediano, Jocassee, au uanzie Chemka?

Hapa Moshi ukijitambulisha kuwa mzamiaji, watu wanakuuliza umezamia Sauzi mara ngapi. Neno lenyewe limeshachukuliwa na vijana wanaojificha kwenye meli. Nimezoea. Naeleza kwamba mimi nazamia na mtungi wa hewa mgongoni, tena kwa risiti, na hapo linafuata swali la pili, ambalo ni la haki kabisa: sasa huku mlimani bahari iko wapi?

Haipo. Kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro. Masika yakikaza na mlima ukabaki mtupu, nashuka Unguja, na huko ndiko nilikojifunzia.

Juzi binamu yangu anayekaa Sakina, Arusha, kanitumia picha kwa WhatsApp: lango la mawe, simba waliochongwa, maji ya kijani, mwanga unashuka kutoka juu kama kanisani. "Kaka, ona hii. Mji mzima uko chini ya ziwa. Twende." Yeye ana cheti cha kwanza, kinachomruhusu kufika mita 18. Rafiki yake wa kazini ana cha pili, mita 30. Wote wawili wana hela ya kikoba inayotosha safari moja tu ya nje, siyo mbili. Nilimjibu kwa sauti, dakika kumi na moja, akalalamika kwamba bando limeisha. Haya hapa kwa maandishi.

Chini kumebaki nini?

Kabla ya kuulizia nauli, uliza hilo. Ukisikia mji umezama, akili inakuchorea mitaa na madirisha, labda na baiskeli imeegemezwa ukutani. Mara nyingi hakuna. Anayejaza bwawa ni mhandisi, na mhandisi hataki paa la mtu lielee likazibe mitambo yake, kwa hiyo nyumba hubomolewa kabla maji hayajapanda. Kule Graun, kaskazini mwa Italia, ziwa la Reschen lilifunika nyumba 163 mwaka 1950, na zilikuwa zimeshalipuliwa. Kilichoachwa ni mnara wa kanisa wa karne ya 14, nao mpaka leo umetokeza juu ya maji, watu wanaupiga picha bila hata kushuka kwenye gari. Wakati wa baridi ziwa likiganda, unaufuata kwa miguu. Uingereza nako, kijiji cha Derwent kilipofunikwa na bwawa la Ladybower, waliacha mnara wa kanisa uchungulie, halafu mwaka 1947 wakaulipua kwa kuhofia usalama wa watu.

Halafu kuna suala la nyumba zilijengwa kwa nini. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilipoanza kujaa mwaka 1958, Watonga wapatao 57,000 walihamishwa. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Maji hayakuacha kitu cha kumulika tochi. Wanubi nao, walioondolewa kwenye kingo za Nile kupisha bwawa kuu la Aswan miaka ya 1960, waliacha nyumba nyingi za udongo. Aliyewahi kuona banda la udongo lililoezuliwa likapigwa na masika moja anajua linavyokuwa kufika Juni.

Kwa hiyo mji wa kuuzamia ni mji wa mawe, ambao watu waliondoka na kuta zikaachwa zimesimama, na maji yake hayana kina cha kumshinda binadamu wa kawaida. Hayo matatu yakikutana, ndipo tuongelee tiketi. Hayakutani mahali pengi.

Shicheng, China

Ile picha ya binamu ni ya huku, au tuseme imechukua jina la huku. Shicheng, maana yake Mji wa Simba, uko mkoa wa Zhejiang. Mwaka 1959 bonde lake lilijazwa maji ya mto Xin'an kwa ajili ya umeme, watu wapatao 290,000 wakahamishwa katika bonde zima, na vilima vikageuka visiwa 1,078. Ndiyo maana ziwa linaitwa Qiandao, visiwa elfu. Mji ukasahaulika huko chini mpaka mwaka 2001, wazamiaji walipoufuata na kukuta malango na matao ya mawe yamesimama, michoro ya simba na madragoni bado inasomeka. Hapo mhandisi hakufika na baruti. Maji ni ya baridi na giza, hayana mawimbi, hayana wadudu wa baharini wanaotafuna mbao.

Kwa kilichobaki, hakuna anayeishinda Shicheng. Nasema hivyo bila kusita, na mimi sijafika.

Tatizo ni kina. Mji uko kati ya mita 26 na 40. Binamu yangu na mita zake 18 ataishia kuelea juu ya mji kama ndege juu ya wingu. Rafiki yake wa mita 30 atagusa sehemu ya juu tu, na hata huko hesabu haimpendelei. Tuifanye. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 30 chini mgandamizo ni mara nne, kwa hiyo anavuta lita 80. Toa akiba ya bar 50 ambayo haiguswi, zimebaki lita 1,800. Gawanya: dakika 22, ukihesabu na za kushuka. Mzamiaji mgeni, mwenye woga na anayesikia baridi, anavuta mara moja na nusu ya hapo. Dakika kumi na tano kwa nauli ya kwenda China!

Tena kuanzia mita 30 naitrojeni inaanza kulevya. Siyo mzaha: ni kama umekunywa kibuyu cha mbege na hujala, unacheka kitu ambacho hakichekeshi huku geji ya hewa inashuka na wewe unaitazama tu.

Na ile picha? Mita 30 ndani ya ziwa la kijani hakuna mwanga wa kuonyesha mtaa mzima. Utaona kile tochi yako inachokifikia: kichwa cha simba, nusu ya herufi, ukingo wa tao, halafu giza. Hizo picha za mji wote ukionekana kama umesimama juu ya mnara ni michoro ya wasanii, au picha zilizoungwa. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Kuona kipande kimoja kwa wakati ndio utamu wenyewe. Ila mtu asiuze shamba la migomba akitegemea kuona alichokiona WhatsApp.

Safari za kuzamia huko zimekuwa zikiandaliwa na watu wa Shanghai, kama kilomita 400 kutoka ziwani. Mji unalindwa kama urithi, kwa hiyo ruhusa ndiyo kitu cha kwanza kuulizia, kwa maandishi, kabla ya viza.

Mediano, Hispania

Huku nimefika. Mgeni niliyempandisha mlimani kwa njia ya Lemosho alikuwa mwanachama wa klabu ya kuzamia kwao, akaniambia nikifika Hispania nisimpite. Nilimchukulia kama wageni wengine wote wanaosema hivyo getini Mweka wakiwa na furaha. Baada ya mwaka na nusu akaandika barua ya mwaliko kwa ajili ya viza.

Mediano ni kijiji cha mkoa wa Huesca, chini ya milima ya Pyrenees, kilichofunikwa mwaka 1969 na bwawa la mto Cinca. Nyumba zimebaki vifusi. Kanisa la karne ya 16 limesimama. Maji yakiwa mengi, kinachoonekana ni kichwa cha mnara tu, peke yake katikati ya ziwa, kama mtu aliyeogelea mpaka pale akachoka. Yakipungua sana wakati wa kiangazi kikali, kanisa zima linakuwa nchi kavu na unalizunguka kwa viatu.

Hapo ndipo Mediano inapomfaa mtu wa cheti cha kwanza. Huhitaji kushuka mita 26 ndipo uanze kuona. Unaanza kuona ukiwa bado umeshika mnara kwa mkono juu ya maji, kisha unateremka na ukuta taratibu, jiwe kwa jiwe, na kina chako unakiamua mwenyewe. Kwa hesabu ileile ya mtungi, mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili, kwa hiyo lita 1,800 zinakupa dakika 45. Dakika 45 na ukuta mmoja. Nilihesabu mistari ya chokaa kati ya mawe. Niliona mahali fundi aliposhika jiwe vibaya akalipachika jiwe dogo kuziba pengo, kama mafundi wetu wa Kibosho wanavyofanya hadi leo kwenye misingi.

Juu ya kila jiwe kuna vumbi laini lililotulia, rangi ya unga wa ulezi. Kidole kimoja kikigusa, linanyanyuka na halishuki tena mbele yako. Sasa ngoja niseme kosa langu. Kiongozi alinipimia risasi za kiunoni, vile vipande vizito vya madini vya kukuzamisha, kulingana na suti nene ya kuzamia na maji baridi. Mimi, mtu wa Unguja, nikaona chache, nikaongeza kilo mbili kimyakimya. Nikasahau kwamba maji baridi ya ziwani hayana chumvi, hayakubebi kama bahari: mwili na vifaa vikifika kilo 100, kwenye maji matamu unahitaji risasi pungufu kwa kilo mbili hadi tatu. Nilishuka kama nanga. Magoti yakaingia kwenye tope, na tope likapanda kama vumbi nyuma ya lori la Mirerani. Kanisa likapotea. Mnara uliokuwa mita mbili kutoka puani kwangu, sikuuona mpaka mwenzangu aliponishika mkono na kunipandisha juu ya wingu. Hakunisema. Alinionyesha tu vidole viwili, maana yake kilo mbili, na mpaka leo sijui alijuaje.

Baridi nayo isikupite hivihivi. Juu maji yalikuwa ya kuvumilika. Kufika kama mita nane nikavuka mstari, nausema mstari kwa sababu unauona, maji yanametameta kama joto la lami, na chini yake ni usiku wa Horombo. Suti yangu ya milimita tatu, niliyoinunua mitumba soko la Memorial kwa muuzaji aliyeamini ni nguo ya kuendeshea baiskeli, niliiacha begini. Milimita saba na kofia, au usiende.

Hatukuingia ndani ya kanisa. Paa la mawe juu ya kichwa, tope chini, na njia moja ya kutokea: hayo ni mazingira ya watu waliosomea kuzamia mapangoni, na cheti chao ni kingine. Ukikutana na kiongozi anayekuambia "tuchungulie kidogo tu", mrudishie mtungi wake.

Nenda theluji ya Pyrenees ikiwa imeyeyuka na bwawa limejaa, mwishoni mwa Mei hadi Julai. Kwa sisi wa mlimani Mei ni mwezi wa njaa hata hivyo. Hispania wanadai cheti cha daktari na bima ya ajali za kuzamia, na maji yenyewe yako chini ya mamlaka ya bonde la mto Ebro, kwa hiyo nenda na klabu inayojua kufuatilia ruhusa. Kwa kilichobaki Mediano ni ndogo: kanisa moja. Kwa kile utakachokiona kweli kwa macho yako, inaipita China mbali, kama cheti chako ni cha kwanza.

Jocassee, Marekani

Hili nalitaja kwa sababu mtu ataniuliza. Ziwa Jocassee, jimbo la South Carolina, lilijazwa mwaka 1973 kwa ajili ya umeme. Lina maji maangavu yanayotoka milimani, na sifa yake kubwa ni hoteli ya mbao, Attakulla Lodge, ambayo wazamiaji waliikuta mwaka 2004 ikiwa bado imesimama. Mbao! Baridi na giza vimeitunza kuliko ambavyo mchwa wa Tanzania wangeitunza.

Lakini iko karibu mita 90 chini. Mzamiaji wa starehe, hata awe hodari, mwisho wake ni mita 40. Kufika kwenye hoteli unahitaji mchanganyiko wa hewa wenye heliamu, mitungi kadhaa, miaka ya mafunzo, na saa nyingi za kupanda kwa vituo. Hata eneo la makaburi ya kanisa la Mount Carmel liko kama mita 40. Kwa binamu yangu Jocassee ni ziwa zuri la kuogelea lenye hadithi chini yake. Kwa nauli hiyo, na usaili wa viza ya Marekani juu yake, hapana.

Usipotaka kulowa, na kulikofungwa

Kuna njia ya uvivu ambayo siidharau hata kidogo: subiri ukame. Vilarinho da Furna, Ureno, kijiji cha mawe ya matale kilichofunikwa miaka ya mwanzo ya 1970, hujitokeza bwawa likipungua. Wenyeji walipoondoka waliondoka na vigae vya paa na milango, kila chenye faida, wakaacha kuta tupu. Unatembea katikati ya kuta hizo na viatu vyako vya mlimani. St. Thomas, jimbo la Nevada, ulifunikwa na maji ya bwawa la Hoover mwaka 1938; ziwa Mead limepungua kiasi kwamba leo magofu yake ni njia ya matembezi. Halfeti, Uturuki, unapanda boti na kuzunguka mnara wa msikiti uliotokeza majini tangu bwawa la Birecik lijae mwaka 2000. Mama yangu, ambaye hawezi kuogelea na hana nia, angechagua hii ya tatu, na angefurahi kunizidi mimi na magoti yangu kwenye tope.

Kwingine wamefunga. Samabaj, makazi ya Wamaya yaliyozama katika ziwa Atitlán huko Guatemala, yanalindwa na hayako wazi kwa kila mwenye mtungi. Grüner See, Austria, bustani yenye benchi na daraja ambayo theluji ikiyeyuka huzama kila mwaka, wamepiga marufuku kuzamia tangu mwaka 2016. Picha zake bado zinasambaa kama tangazo la leo. Ukiziona, usilipe mtu.

Na hapa nyumbani?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, na jibu lake linawaudhi watu.

Tuna bwawa: Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi, mahali mito Kikuletwa na Ruvu inapokutana, lililojengwa miaka ya 1960. Nilikwenda mwaka juzi na mawazo haya haya kichwani. Nilikaa na wavuvi wakipanga perege kwenye beseni, nikaingiza mkono majini kupima uangavu. Kufika kiwiko, vidole sikuvioni. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu aliniuliza natafuta nini, nikamwambia nataka kujua chini kuna nini. "Chini kuna mamba, mwanangu," akaendelea kushona. Ongeza na kichocho. Na chini ya yote hayo ni tambarare ya mito miwili, siyo mji wa mawe. Nenda Nyumba ya Mungu kula samaki.

Chala ni jaribu kubwa zaidi. Ziwa la kreta, wilaya ya Rombo, mpakani na Kenya, kina chake kama mita 90, maji ya buluu ukiyatazama kutoka ukingoni unahisi yanakuita. Tena lina hadithi inayofanana kabisa na tunayoizungumza: kwamba palikuwa na kijiji cha Wamasai, kikatoweka, na ukisikiliza utasikia ng'ombe wakilia. Wamisionari waliiandika hadithi hiyo karne ya 19. Kule Reschen nako wanasema kengele za kanisa hulia wakati wa baridi, ingawa ziliteremshwa kabla maji hayajapanda. Watu wa milimani ni walewale. Lakini kreta haikufunika kijiji cha mawe, na Chala ina mamba waliokwishaua mtu, mwaka 2002. Unashuka kwa miguu, unatazama, unapanda. Mtungi uache nyumbani.

Duluti, pale Tengeru, ni ziwa la mitumbwi na ndege. Kina chake ni kama mita tisa, kijani tupu.

Kinachobaki ni Chemka, zile chemchemi za Rundugai kati ya Moshi na Arusha. Hakuna mji wowote chini. Kuna mizizi ya mikuyu, mchanga, na samaki wadogo wanaotafuna visigino. Ila maji yake ni maangavu, hayana chumvi, vuguvugu, na yako kilomita kadhaa tu kutoka barabara kuu. Miwani ijae maji uyatoe, ujifunze kupiga mapezi bila kutimua mchanga, ujizoeze kukaa mahali pamoja bila kupanda wala kushuka. Kama huwezi kupita juu ya mchanga wa Chemka bila kuuchafua, Mediano utaona tope na Shicheng utaona tope ghali.

Baada ya Chemka, pwani. Karibu na Mji Mkongwe kuna Great Northern, meli ya kulaza nyaya za simu iliyozama mwaka 1902, kina chake kama mita 12. Siyo mji, lakini ni kitu cha mkono wa binadamu kilicholala chini ya maji zaidi ya miaka mia moja, na hapo utajua kama kweli moyo wako unapenda vitu vya namna hiyo au unapenda samaki wa rangi. Wengi wanapenda samaki. Hakuna ubaya, na wameokoa hela ya viza. Wazo la Mafia nalo nimelisikia, kwamba kuta za Rhapta ya kale ziko chini ya maji karibu na kisiwa hicho. Wataalamu hawajakubaliana, na mimi sipeleki hela ya kikoba kwenye ubishi.

Barabara ya kurudi nyumbani

Hapa wazamiaji wa pwani hawatakuonya, kwa sababu wao wanalala usawa wa bahari. Sisi hapana.

Kila mpagazi ameiona chupa ya maji iliyofungwa Kibo: ukifika nayo getini imenywea kama imekamuliwa. Na pakiti ya krispi iliyofungwa Moshi, huko juu inavimba kama mto. Hewa ya juu ni nyepesi. Naitrojeni iliyoingia kwenye damu ukiwa chini ya maji inafanya kama hiyo pakiti: ukipanda mlima kabla haijatoka, inavimba kuwa mapovu. Ushauri unaotumika kabla ya kupanda ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukizamia mara nyingi. Watu wanauchukulia kuwa ni wa ndege tu. Arusha iko kama mita 1,400. Ukitoka majini mchana ukawahi boti na basi la usiku, alfajiri umeshapanda kimo hicho bila rubani. Mimi nalala pwani, naondoka kesho yake. Na mgeni anayetaka kuzamia Jumatatu aanze mlima Jumanne, namkatalia, hela zake arudi nazo.

Mambo hayo yanahusu na maziwa yenyewe. Juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kuzamia kunahesabiwa kuwa ni kwa milimani, na kompyuta ya kuzamia unayoivaa mkononi lazima ijue hivyo. Shicheng iko chini ya hapo, haina shida. Jocassee imevuka kidogo. Mediano iko karibu mita 500. Atitlán ingekuwa zaidi ya 1,500, juu kuliko Arusha mjini. Kupanda kwenyewe ni pole pole ileile tunayowaimbia wageni: mita tisa kwa dakika, kisha dakika tatu za kusimama ukiwa mita tano.

Na jambo dogo: risasi za kiunoni azima hukohuko uendako. Begi likipita kwenye mashine pale KIA, neno hilo usilitamke mbele ya askari.

Basi nani aende wapi?

Binamu yangu aende Mediano, Juni, baada ya kuzamia mara ishirini hivi baharini na angalau mara kadhaa kwenye maji baridi. Rafiki yake nilimwambia Shicheng ni yake, lakini siyo mwaka huu: achukue kwanza mafunzo ya kina kirefu, azoee suti nene, azamie usiku mara nyingi mpaka giza limchoshe, halafu ndipo aulizie ruhusa. Alinuna. Anasema mita 30 ni mita 30, na yeye kule Mnemba, Unguja, alishuka mpaka 32. Mnemba unaona kivuli chako mchangani. Nimemwambia aje afunge miwani kwa plasta nyeusi, ashike kamba, atafute njia ya kurudi kwa mkono mmoja ndani ya maji ya mita mbili. Akiweza bila kushtuka, nitamsaidia mwenyewe kuandika barua pepe za Shanghai.

Tunakutana Chemka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Noah za watalii hazijafika. Kila mtu aje na miwani yake. Yangu imekatika mkanda.